Kabla ya "Yah" na Baada ya "Naomba Kuwasilisha"

Hotuba kwa makatibu muhtasi, makarani na wenye biashara ndogo, siku ya kufunga semina yao ya uandishi wa barua. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, walimu wa semina, na nyinyi wadogo zangu mliojibanza huko nyuma karibu na feni: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao bado sijawagusa, habari za mchana.

Mmeitikia vizuri. Sijasema neno la maana bado, lakini kila mmoja humu ameshajua kwamba nimemwona. Jambo hili hatukufundishwa darasani. Mtoto wa miaka minne anajua bibi anapewa shikamoo, mwenzake anapewa mambo, na fundi aliyening'inia juu ya paa anapewa "pole na kazi". Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akikua, akakalishwa mbele ya kompyuta kumwandikia mteja, elimu yote inamtoka. Anafungua barua ya mwezi uliopita, anafuta jina la juu, anaweka jingine, anatuma.

Siwasemi nyinyi. Najisema mwenyewe.

Nilitoka Tabora, Chuo cha Uhazili, na cheti changu cha hatimkato, maneno mia moja kwa dakika, shingo juu kama twiga. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, upande wa mafao ya wafanyakazi. Enzi hizo ni taipureta, karatasi tatu na kaboni mbili katikati; ukikosea herufi moja umeikosea mara tatu. Kwa hiyo tulikuwa na barua za mfano. Unapewa jalada, unachomoa mfano, unajaza jina, kumbukumbu namba na tarehe. Kwa siku nilikuwa nachapa barua arobaini, na nikijiona.

Siku moja likaja jalada la mfanyakazi aliyefariki. Ilitakiwa familia iarifiwe kwamba jalada limepungukiwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Nikachomoa mfano. Nikaandika, naukumbuka ule mstari mpaka leo, "Ndugu Marehemu", halafu majina yake yote matatu. Chini yake, "Yah: Mafao yako". Kisha aya mbili za kudai vielelezo. Na mwishoni, kama ilivyo desturi ya ofisi, "Nakutakia kazi njema". Mkuu wangu akasaini huku anaongea na simu. Mhuri ukapigwa. Masjala wakaitoa.

Baada ya wiki mbili akaja mama mmoja, barua ameifunga kwenye pindo la khanga. Hakugomba. Aliifungua, akailaza mezani kwangu, akaweka kidole kwenye ule mstari wa mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, hii kazi njema anaifanyia wapi?"

Chekeni tu, hata mimi nacheka siku hizi. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Mkuu wangu alikuwa mzee mkali. Aliponiita nikajua kibarua kimeota nyasi. Badala yake akanipa karatasi tupu, akasema barua hii utaiandika bila mfano, na utaanza na jina la huyu mama, siyo namba ya jalada. Nikaandika "Bi." na jina lake. Nikaandika "Pole kwa msiba wa mumeo." Nikaeleza tunachohitaji, atakipata ofisi gani, na kwamba akivileta vyote kwa pamoja hatalazimika kurudi. Nilipofika mwisho nikakwama. Kazi njema haiwezekani. "Wako mtiifu"? Utiifu gani kwa mjane ambaye ndiye anayetusubiri sisi? Yule mzee akasema, andika "Mungu akupe subira", weka jina langu na cheo changu, basi.

Ninalotaka kuwaambia leo limo humo ndani. Neno unalomwanzia mtu na neno unalomuagia yanamwambia kama umefikiri ni nani anayesoma. Makosa ya tahajia atakusamehe. Kosa la kutomwona hasamehi, hata kama hatakwambia.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana tumerithi haya mambo kutoka kwa watu watatu tofauti na tunayachanganya.

Pwani yetu imeandikiana barua za kazi kabla ya taipureta na kabla ya herufi hizi tunazotumia. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, ambazo hadi leo zimetunzwa Goa, India. Na barua za wafanyabiashara wa Zanzibar, Lamu na mrima, yaani pwani ya bara, za karne ya 19, zina mtindo wake. Zinaanza "ila janabi", kwa mheshimiwa fulani, halafu sifa zinapangwa moja juu ya nyingine: mpenzi, mkarimu, ndugu yetu, bin fulani bin fulani. Kisha salamu ya amani na rehema na baraka. Kisha habari za uzima. Ndipo linakuja neno "ama baadu", yaani baada ya hayo, na hapo sasa ni pembe ngapi, reale ngapi, ile fedha ya enzi hizo, mzigo umo katika jahazi la nani. Mwisho "wasalaam", na jina la mwandishi, mara nyingi na maelezo kwamba ameandika kwa mkono wake.

Asubuhi kijana mmoja aliniuliza kama huko hakukuwa kupoteza wino. Nikamwambia afikiri. Tajiri wa Unguja anamkabidhi mtu mali, mtu anaingia bara na msafara, kurudi ni mwaka, pengine miwili. Hakuna simu. Dhamana kubwa aliyonayo ni jina la yule mtu na jina la baba yake. Sasa ile salamu ndefu inayataja yote mawili. Inampa heshima, na papo hapo inamkumbusha: nakujua wewe ni nani na umetoka kwa nani. Salamu ilikuwa sehemu ya mkataba. Wahenga waliposema barua ni nusu ya kuonana hawakuwa wanapamba.

Kutoka kwao tumebaki na "wasalaam", ambayo Mkristo na Mwislamu wote wanaitumia bila kuulizana. Ile "ama baadu" imekufa, lakini kazi yake inafanywa na "Yah" yetu, yaani yahusu. Wenzetu Wakenya wanaandika "Kuh", na wengine wao "Mint", kifupi cha mintarafu, neno zuri sana ambalo huku kwetu limebaki kwa wazee.

Urithi wa pili ni wa mkoloni. Barua ya Kiingereza ya kiserikali ilikuwa inamalizika kwa mwandishi kujiita mtumishi mtiifu wa anayeandikiwa. Hata bwana mkubwa akimjibu karani, anasaini "mtumishi wako mtiifu". Wao walijua ni mapambo. Sisi tulilitafsiri tukaliamini. Baadaye "mtumishi" akadondoka njiani, utiifu ukabaki, na mpaka kesho mtoto wa shule ya msingi anafundishwa kwamba barua rasmi lazima iishe "Wako mtiifu". Waingereza wenyewe walishaacha siku nyingi.

Na "U.F.S." mnayoiandika bila kujua ni nini, nayo ni ya huko. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya barua inayopita na lakiri, ile nta ya mhuri, isiyofungwa, ili wakubwa wa njiani waisome kabla haijamfikia mwenyewe. Mwalimu anamwandikia mkurugenzi, barua inapitia kwa mwalimu mkuu. Siku hizi hakuna lakiri, lakini kupitia kunabaki. Ukiandika "kupitia kwa" kila mtu anakuelewa, na mbingu haianguki.

Urithi wa tatu ni wetu wenyewe. Mwaka 1967, Januari, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali, na Februari likaja Azimio la Arusha. Ofisi zilizokuwa zinaandikiana kwa Kiingereza zikajikuta zinatafuta Kiswahili cha kumwita mtu. Jibu lilikuwa tayari kwenye ahadi ya mwana-TANU: "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja." Basi ikawa Ndugu. Ndugu Waziri, Ndugu Meneja, Ndugu Mfagiaji. Na mwisho wa barua, "Wako katika ujenzi wa taifa".

Mimi ni mtu wa Ndugu, sifichi. Nitawaambia kwa nini, kwa jicho la katibu muhtasi. Ndugu haliulizi kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Haliulizi kama umeolewa. Haliulizi umri. Unapokea barua imesainiwa kwa herufi mbili na jina la ukoo, hujui ni baba au mama, Ndugu linakuokoa. Miaka ya tisini Mheshimiwa akarudi kwa kishindo, Ndugu akashushwa chini, mpaka leo wapo wanaoona wametukanwa ukiwaita hivyo. Ndani ya chama tawala bado wanaitana hivyo hadi juu. Huku nje tumewaachia walinzi na wateja.

Bibi ndiyo balaa kubwa kuliko yote. Pwani, bibi ni mwanamke wa heshima. Ukienda bara, bibi ni mama yake mama. Nimeshuhudia meneja wa miaka thelathini na tano akiirudisha barua aliyoitwa "Bibi", ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Sina mjukuu." Andikeni "Bi." na nukta, mtakuwa salama kote, toka Lamu hadi Kigoma.

Kuhusu vyeo vingine sitakaa sana. Meya ni Mstahiki. Askofu wa Kikatoliki ni Mhashamu, Kardinali ni Mwadhama, na ukiyabadilisha watu wa parokia watakukumbusha. Mbunge ni Mheshimiwa hata kama mlisoma naye dawati moja. Tatizo ni mtu mwenye vinne kwa pamoja, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Balozi. Usivitundike vyote kama nguo kwenye kamba. Chukua kile kinachohusiana na jambo unalomwandikia. Mbunge ambaye pia ni daktari, ukimwandikia kuhusu daraja la jimboni ni Mheshimiwa. Ukimwandikia kuhusu dawa ni Daktari. Ukishindwa kabisa, piga simu kwa katibu muhtasi wake, muulize bosi wako anapenda kuitwaje. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona aliyechukizwa na swali hilo. Wengi wanafurahi, maana hakuna anayewauliza.

Sasa tufike kwa Mpendwa.

Jana mlinipa barua zenu nikalale nazo. Barua kumi na tisa. Kumi na moja zinaanza na "Mpendwa". Mpendwa Meneja wa Benki. Mpendwa Afisa Biashara. Moja, na mwenyewe yupo hapa simtaji, imeandikwa "Mpendwa Afisa Afya" kwa mtu aliyemfungia jiko lake la mama lishe siku tatu kabla. Mdogo wangu, unampenda kweli?

Najua lilikotoka. Kiingereza kina neno lake la kuanzia barua, ambalo kwao limeshachuja, halibebi tena mapenzi. Ukilileta kwa Kiswahili linaamka. Mpendwa kwa Kiswahili bado ni mtu anayependwa. Ni neno la barua za wachumba, zile za karatasi ya maua: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ni neno la kanisani, wapendwa katika Bwana. Na ni neno la mwandani wetu mpya, ujumbe wa simu unaosema "Mpendwa mteja, deni lako limepita siku saba." Hapo ndipo unapoona neno limekosa kazi. Mtu anayenipenda hanitishii kwa namba ya kumbukumbu.

Nitawakubalia mahali pamoja. Kama wateja wako mmejuana miaka, unawaandikia heri ya Idi au ya Krismasi, "Wapendwa wateja wetu" inakaa vizuri, kwa sababu hapo unaonyesha upendo kweli. Barua ya ankara, hapana.

Halafu yule mwingine, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Sitalisema sana kwa sababu nimelichapa mara elfu. Lakini jiulizeni: mtu ameshaisoma "Yah", macho yake yapo, unamwambia ahusike na alichokwisha kusoma. Mstari wa kwanza ndio mstari ambao mtu anausoma akiwa na nguvu zote, nasi tunaujaza hewa. Kama unajibu barua yake, hapo kuna kitu cha kusema: "Nimepokea barua yako yenye kumbukumbu namba fulani ya tarehe fulani." Hiyo ni adabu ya kweli, maana inamwambia barua yake haikupotea. Katika ofisi zetu, kumwambia mtu barua yake haikupotea ni zawadi.

Na salamu yenyewe? Mnaniuliza kila mara: kwenye barua ya kazi niandike "Habari za kazi?" au "Shikamoo"? Angalieni maneno hayo yanavyofanya kazi mdomoni. Shikamoo inasubiri marahaba. Habari inasubiri nzuri. Ni kamba yenye watu wawili, kila mmoja ameshika ncha yake. Karatasi haiwezi kuitikia. Ukiandika "Shikamoo mzee, naomba mkopo wa milioni tano," umeshika ncha moja na ya pili inaburuta chini. Ndiyo maana mimi nachagua "Salaam". Ni neno linalotoa bila kudai. Linatosha kwa sheikh, kwa padre na kwa asiye na dini. Kwenye baruapepe kwa mtu mnayefahamiana, "Habari za leo" haina ubaya, mradi jambo lifuate hapohapo.

Hilo la jambo kufuata hapohapo, wasikieni watu wa WhatsApp. Mtu anakuandikia mteja "Habari", halafu ananyamaza. Mteja anaona simu imelia, anaacha anachofanya, anajibu "Nzuri". Dakika tano. "Za kazi?" "Salama." Dakika kumi. "Familia haijambo?" Hapa mteja ameshaingiwa na hofu, anadhani kuna msiba. Kumbe ulitaka kumuuliza kama mzigo umefika. Uso kwa uso, yale majibizano ni raha, na ukiyakatisha umekosa adabu. Kwenye simu salamu na shida zipande gari moja. "Salaam Mama Neema, natumaini u mzima. Mzigo wa jana umefika?" Imetosha. Na "boss", "mkuu", "kiongozi" waachieni makondakta.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nina mwisho wa barua, na hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Nimechukua barua moja kati ya zile kumi na tisa, kwa ruhusa ya mwenye nayo. Ni dada anayeshona sare za shule. Alishona sare 120 kwa shilingi 15,000 kila moja, akazifikisha Januari, mpaka leo Aprili hajalipwa. Barua yake inaanza "Mpendwa Mwalimu Mkuu". Inaendelea na "natumaini u buheri wa afya". Aya ya pili: "kwa masikitiko makubwa" na "sitasita kuchukua hatua kali za kisheria". Aya ya tatu: "natanguliza shukrani zangu za dhati". Na mwisho: "Wako mtiifu".

Mwalimu mkuu akiipokea afanye nini? Juu anapendwa, katikati anapelekwa mahakamani, chini anatiiwa. Ni barua ya watu watatu. Mimi ningekuwa ndiye yeye ningeiweka chini ya zile nyingine, nimsubiri aamue yeye ni nani.

"Natanguliza shukrani" niwaeleze, maana mnaipenda. Kwa ombi dogo ambalo ni haki yako, haina shida. Kwa ombi kubwa, unamshukuru mtu kabla hajakubali, ni kama umemwingizia chenji mfukoni. Wengine hawapendi. Na kwa deni haifai kabisa. Mtu akilipa deni hakufanyi hisani.

Jana usiku dada huyu na mimi tumeiandika upya. Sikilizeni.

"Mwalimu Mkuu," jina la shule, S.L.P. yake. "Ndugu Mwalimu," mkato. "Yah: Malipo ya sare 120, Ankara Na. 7. Salaam. Tarehe 14 Januari shule yako ilipokea sare 120, na hati ya kupokelea ilisainiwa na mtunza stoo. Malipo yake, shilingi 1,800,000, hayajanifikia hadi leo. Naomba yalipwe kabla ya tarehe 30 Aprili, au unijulishe kwa maandishi yatalipwa lini. Nimefanya kazi na shule yako miaka mitatu na ningependa tuendelee. Naomba kuwasilisha." Saini, jina kamili, "Mmiliki", namba ya simu. Nakala ya ankara imeambatishwa.

Tulibishana kuhusu "Naomba kuwasilisha". Yeye aliona ni ya kwenye mikutano. Ni kweli, imetoka huko, lakini angalieni inavyofaa. Haijishushi kama mtiifu. Haitishi. Inasema nimeweka jambo langu mbele yako, sasa ni zamu yako. Kwa maombi, madai, mapendekezo ya kazi, hakuna kifungio ninachokiamini kuliko hicho. "Wako katika ujenzi wa taifa" muitumie mkiandikia serikali ya kijiji au halmashauri kuhusu jambo la umma; kwa mteja wa keki za harusi mtachekesha. "Nakutakia kazi njema" ni nzuri kwa mtu aliyeko kazini na asiye na shida na wewe. Sina haja ya kueleza zaidi nilivyojifunza. "Wasalaam" ni ya mliozoeana, na kwa Zanzibar hata barua nzito inaipokea. "Wako mtiifu" nawaachia kwenye barua ya kuomba kazi tu, kwa sababu wazee wa jopo la usaili bado wanaitafuta kwa macho. Ikikosekana wanaona mtoto hakulelewa.

Kitu kidogo kinachoangusha kampuni nyingi: umoja na wingi. Barua inaandikiwa kamati nzima, "tunawaomba ndugu wajumbe", halafu inaishia "Wako". Anayeandikiwa ni nani sasa, mmoja au wengi? Neno hilo linamfuata anayeandikiwa: ukimwandikia mmoja ni "Wako", ukiwaandikia wengi ni "Wenu". Kama umesaini mwenyewe kwa niaba, weka "Kny" na cheo cha unayemsainia. Ukisahau ile "Kny" umejipandisha cheo, na ofisi nyingine zina kumbukumbu ndefu.

Wale mnaosafirisha mizigo ya Lubumbashi mtakutana na kitu kingine. Barua rasmi za Wakongo zinakuja kwa Kifaransa, na barua rasmi ya Kifaransa haifungwi kwa maneno mawili. Mwisho wa barua ni sentensi nzima, inayokuomba uzikubali salamu za mwandishi, na inakutaja tena kwa cheo kilekile alichokuanzia nacho juu. Kama juu alikuita Bwana Mkurugenzi, chini utakuwa Bwana Mkurugenzi. Wakala mmoja wa forodha aliniambia aliwahi kuikata sentensi hiyo kwenye tafsiri akiona ni maneno matupu. Mteja alipoiona nakala aliuliza kama kuna ugomvi. Nikawaza, wale wazee wa "ila janabi" wangemwelewa huyu bwana vizuri kuliko sisi.

Mmoja wenu aliuliza kwenye kikaratasi: kama simjui kabisa anayesoma? Ukiandika barua ya utambulisho ambayo mtu ataibeba mkononi kuzunguka nayo ofisi kwa ofisi, "Kwa Yeyote Anayehusika" ni sawa, imetengenezwa kwa ajili hiyo. Vinginevyo hilo ni kimbilio la mvivu. Ofisi ina mlango, mlango una kibao, kibao kina cheo. Mwandikie mwenye cheo: Meneja, Idara ya Mikopo. Hujui jina lake, lakini umefika mlangoni kwake.

Sasa sitaki kuongea peke yangu tena. Kila meza ina bahasha. Ndani kuna mtu mmoja na shida moja. Meza ya dirishani, mmepewa mwenye nyumba mwanamke, mzee, Hajati, mnamwomba awaongezee mwezi mmoja wa kodi ya fremu. Meza ya kati, mmepewa mteja aliyeletewa makochi ya rangi isiyo yake, amekasirika, na kosa ni lenu. Nyinyi wa karibu na feni, mmepewa mjane. Mumewe alikuwa mwanachama wa kikoba chenu, akiba yake ipo, mnatakiwa kumwambia aje na nini kuichukua. Simu zote kwenye mikoba, hakuna barua ya mfano. Mna dakika kumi na tano, na mstari wa kwanza kuandikwa uwe jina lake.